Picha ya damu ikiwa safi, uvimbe bado unaweza kuwa lukemia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya afya iliyoeleza saratani ya damu. Makala yenyewe ilikuwa nzuri. Lugha ilikuwa nyepesi, na mwandishi alijitahidi kutenganisha lukemia inayokuja kwa kasi na ile inayokwenda taratibu, jambo ambalo hata sisi tulio kazini huwa tunalieleza vibaya kwa jamaa zetu. Lakini palikuwa na mahali alipowaambia wasomaji kwamba kipimo cha picha kamili ya damu kikitoka sawa, basi lukemia haipo. Kwa wagonjwa wengi hilo ni kweli. Wapo wachache ambao si kweli kwao, na hao ndio ninaotaka kuwasemea, maana sijawahi kuona gazeti likiwataja.

Mimi si daktari. Ni fundi sanifu katika maabara ya patholojia. Ndugu yenu akikatwa kinyama cha uvimbe kikatiwa ndani ya chupa yenye formalini, yale maji ya kuzuia nyama isioze, chupa ile huishia mezani kwa mtu kama mimi. Napima kipande, naandika rangi yake na ugumu wake, nakipitisha kwenye alkoholi usiku kucha, nakizamisha kwenye nta ya moto mpaka kigande kuwa bloku, kisha nakikata kwa mashine vipande vya unene wa maikroni 3 au 4. Maikroni 4 ni sehemu 4 za elfu moja za milimita. Ukikohoa karibu yake kinapeperuka. Mgonjwa simwoni, namjua kwa namba yake na kwa kile kilichoandikwa kwenye fomu, na fomu zenyewe, Mhariri, nitazirudia.

Kuna fomu moja iliyofika na maneno mawili tu: uvimbe kwapani. Chini yake alama ya kuuliza na neno limfoma, yaani saratani ya mitoki. Umri ulionyesha kijana. Kwa kuwa maelezo yalikuwa machache nilipiga simu wodini, nikaambiwa picha yake ya damu haina tatizo lolote: chembe nyeupe za kawaida, chembe sahani za kawaida, wekundu wa damu wa kawaida. Hana homa. Ana mtoki mkubwa kwapani na mwingine mdogo shingoni, basi. Aliyepokea simu aliona namsumbua.

Kesho yake nilipaka kioo cha kwanza rangi zetu mbili za kila siku, hematoksilini na eosini, nikampelekea mtaalamu wa patholojia. Akakaa nacho kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Dada, nikatie vioo vingine vitupu."

"Vingapi, Daktari?"

"Vya kutosha. Hii limfoma haijakaa kama limfoma."

Baadaye alinikalisha kwenye hadubini ya pili akanionyesha. Seli zilikuwa za duara, zimejaa kiini, zimebanana zikielekea upande mmoja kama watu waliopanga foleni. Limfoma nyingi huonekana hivyo hivyo kwa jicho la haraka. Ila katikati yao palikuwa na chembe chache zenye vijidoa vyekundu vya eosini, eosinofili ambazo hazijakomaa. Eosinofili changa haina kazi kwapani. Kiwanda chake ni uboho, ule ulaini ulio ndani ya mifupa, na huko ndiko inakotakiwa kubaki mpaka ikomae. Kidokezo kidogo hicho ndicho kilichomfanya aombe vioo vitupu.

Kwenye vioo vile tuliweka kingamwili, moja kwa kila kioo. Kila kingamwili hutafuta alama yake kwenye seli, na ikiipata kioo hugeuka kahawia. Limfoma hutokana na chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, za aina B au T. Alama ya limfosaiti B, yaani CD20, ilikaa kimya. Alama ya limfosaiti T, yaani CD3, nayo kimya. CD43 ikawaka kahawia tupu. Hapo ndipo maabara nyingi hukwama, kwa sababu CD43 huonekana kwenye limfoma za seli T, na mtu aliyechoka anaweza kuandika limfoma akaenda nyumbani. Daktari wetu aliwahi kufundishwa kwamba CD43 ikiwaka huku CD3 na CD20 zimelala, lazima utafute ukoo mwingine wa seli, ule wa mieloidi, yaani chembe za uboho zisizo limfosaiti. Akaagiza mieloperoksidase, kimeng'enya ambacho chembe za mieloidi huanza kukitengeneza zikiwa bado changa. Kioo kilitoka kahawia kuanzia pembe hadi pembe.

Kijana yule alikuwa na lukemia kali ya mieloidi, na damu yake ilikuwa safi.

Jina la uvimbe wa aina hii ni sarkoma ya mieloidi. Ni seli changa za lukemia zilizojikusanya nje ya uboho na kufanya donge. Zinaweza kukaa kwenye ngozi, kwenye mitoki, kwenye mfupa na utando unaoufunika, nyuma ya jicho, kwenye ufizi, utumbo, titi, korodani, mji wa mimba, au kando ya uti wa mgongo. Kwa kweli sijui kiungo ambacho vitabu havijakitaja. Kati ya wagonjwa 100 wa lukemia kali ya mieloidi, wanaokuwa na madonge ya namna hii hukadiriwa kuwa kati ya 2 na 9. Wengi wao huwa tayari na ugonjwa kwenye damu, kwa hiyo donge halimpotezi daktari njia. Wengine hulipata wakati ugonjwa uliokwisha kutibiwa unaporudi. Na lukemia ya mieloidi ile ya taratibu, au magonjwa ya uboho ambayo bado hayajafika kuwa lukemia kali, yanaweza kujitangaza kwa donge kwamba sasa yamegeuka makali. Kundi dogo kabisa ni la wale ambao donge ndilo dalili ya kwanza na ya pekee, damu safi, na uboho ukitazamwa nao safi. Kijana wetu alikuwa wa kundi hili.

Napenda historia, niruhusu kidogo. Daktari Mskochi, Allan Burns, aliueleza uvimbe huu mwaka 1811, kabla hata lukemia yenyewe haijapewa jina. Mwaka 1853 daktari mwingine, King, aliuita kloroma, kwa sababu ukikatwa ukiwa mbichi baadhi yake huwa na rangi ya kijani. Kijani kile ni cha ile ile mieloperoksidase, ndiyo pia inayoupa usaha ukijani wake. Nimewahi kukiona kwa macho yangu mara chache. Unapasua kipande, unaona kijani kama cha shaba iliyochakaa, unageuka kuchukua rula, na ukirudi kimeanza kufifia kwa sababu ya hewa. Formalini ikiwahi kwanza huoni kitu. Si kila donge ni kijani, ndiyo maana mwaka 1966 Rappaport alipendekeza jina la sarkoma ya granulosaiti, na siku hizi tunasema mieloidi. Wala si ugonjwa wa mbali: mwaka 1965 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala ya Davies na Owor kuhusu kloroma kwa watoto wa Uganda, na tundu la jicho ni mahali unapopenda kukaa kwa watoto. Mtoto anayetokeza jicho mara nyingi hufikiriwa kuwa na limfoma ya Burkitt, ile inayowapata sana watoto wa Afrika, na ni haki ifikiriwe. Isiwe peke yake inayofikiriwa.

Sasa nifike kwenye kilichoniudhi hasa. Ugonjwa huu hukosewa mno. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2002, ya wagonjwa 74 waliokuwa na donge bila lukemia kwenye damu, yalikuta karibu nusu yao walipewa jina lisilo lao mwanzoni, na jina lililoongoza ni limfoma. Wengine huambiwa sarkoma ya Ewing, saratani ya mifupa ya watoto na vijana, kwa kuwa alama ya CD99 huweza kuwaka kwenye magonjwa yote mawili. Wengine huambiwa saratani iliyotoka kiungo kingine ambacho hakionekani.

Kukosea jina la uvimbe wa shingoni ingekuwa jambo dogo kama dawa zingekuwa zilezile. Si zilezile. Miaka fulani tuliletewa bloku kutoka hospitali nyingine, sitaitaja, ya mwanamke aliyekuwa ametibiwa limfoma kwa mzunguko wa dawa nne ambao wagonjwa wengi wa limfoma huupata. Mwanzoni uvimbe wake ulinywea, na kila mtu akafurahi. Ndani ya dawa zile nne imo doksorubisini, ambayo ina nguvu fulani dhidi ya seli za mieloidi pia, kwa hiyo donge linaweza kunywea likakudanganya. Dawa yenyewe inayobeba tiba ya lukemia hii, sitarabini, haimo. Uvimbe ukarudi, na safari hii damu yake ikajaa seli changa. Ndipo mtu akakumbuka kuituma bloku. Tulikata upya, tukaweka mieloperoksidase, ikawaka. Bloku ni ile ile ya siku ya kwanza. Jibu lilikuwa ndani yake muda wote huo, halikuwa limeulizwa. Na kwa kuwa tayari moyo wake ulikwisha kupokea doksorubisini, madaktari wa damu walilazimika kupiga hesabu kabla ya kumpa dawa nyingine ya ukoo huohuo, kwa sababu dawa hizo zina kiwango cha jumla cha maisha ambacho ukikivuka moyo hudhoofika.

Simlaumu aliyesoma kioo kile peke yake. Angalieni alichopewa. Kipande chenyewe kilikuwa uzi mwembamba wa sindano, nusu yake damu iliyoganda. Fomu haikusema kitu. Hakuna aliyemwambia kama mgonjwa aliwahi kuwa na shida ya uboho. Sindano nyembamba inayofyonza majimaji ni nzuri kwa mambo mengi lakini kwa uvimbe wa namna hii mara nyingi haitoshi. Inahitajika sindano nene inayotoa kipande kizima, au mtoki wote utolewe kama unafikika. Kipande kikiwa kikubwa kuna nafasi ya kuweka kingamwili kumi na kubaki na nyama ya vipimo vya vinasaba. Kikiwa uzi, unachagua uulize maswali gani matatu.

Na hapa nina ombi kwa madaktari wa upasuaji wanaosoma gazeti hili. Mkihisi limfoma au lukemia, msiitumbukize nyama yote kwenye formalini. Tupigieni simu kabla, mtuletee sehemu ikiwa mbichi, ndani ya maji ya chumvi, upesi. Nyama mbichi inaweza kupita kwenye mashine inayozisoma seli moja moja zikiwa hai na kutaja ukoo wake kwa saa chache. Inaweza pia kuoteshwa ili kromosomu zake zionekane. Ikishaingia formalini milango hiyo miwili hufungwa. Hubaki ule wa kingamwili na ule wa vinasaba, na huo wa vinasaba nao huharibika kama kipande kina mfupa kikalainishwa kwa asidi kali. Nimeshika vipande vya mbavu vilivyolainishwa kwa asidi mpaka DNA yake haikufaa kitu. Kuna maji ya kulainishia mfupa ambayo ni mapole, huitwa EDTA. Yanachukua siku nyingi zaidi, na siku hizo kila mtu anapiga simu kuuliza majibu yako wapi.

Fomu nazo. Neno uvimbe halinisaidii, kila kitu kinachofika kwangu ni uvimbe. Andikeni umri, umetokea lini, damu inasemaje, aliwahi kutibiwa nini. Ikiwa mgonjwa aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa uboho hata miaka mingi nyuma, mstari huo mmoja unaweza kumfanya msomaji wa kioo aagize mieloperoksidase siku ya kwanza. Na nyinyi ndugu wa mgonjwa, semeni wenyewe kama daktari hajauliza. Nimekuta familia zilizodhani ni aibu kutaja ugonjwa wa zamani.

Nirudi kwa yule kijana. Baada ya ripoti yetu alitolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga, majimaji na kipande kigumu. Ulikuwa safi. Alipigwa picha ya PET, ile ambayo mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo na seli zenye njaa hung'aa, ikaonekana kwamba mbali na kwapa na shingo kulikuwa na donge jingine nyuma ya tumbo ambalo hakuna mkono ungeligusa. Nyama yake ilipelekwa kwenye vinasaba. Huko hutafutwa mambo kama kromosomu ya 8 na ya 21 kubadilishana vipande, kromosomu ya 16 kupinduka, na mabadiliko kwenye jeni za NPM1 na FLT3. Si mapambo ya ripoti hayo. Kuna mabadiliko yanayosema ugonjwa utaitikia dawa vizuri na mengine yanayosema mjipange kwa upandikizaji mapema, na mgonjwa mwenye mabadiliko ya FLT3 anaweza kuongezewa midostaurini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Uboho ukiwa safi, nyama ya donge ndiyo mahali pekee pa kuyapata majibu haya.

Kesi yake ililetwa kwenye kikao cha madaktari wa saratani. Mimi huenda kupanga vioo na kukaa kimya. Siku hiyo mabishano yalikuwa makali. Daktari wa upasuaji alisema donge la kwapani anaweza kulitoa lote, la shingoni pia, na uboho ni safi, kwa hiyo kwa nini kijana mwenye afya alazwe wiki kadhaa adungwe dawa za kumpukutisha nywele na kumwacha bila kinga? Swali la haki kabisa. Nadhani hata mgonjwa angeliuliza. Daktari wa damu alimjibu kwamba Shirika la Afya Duniani limekwisha lipanga donge hili kama lukemia kali yenyewe, bila kujali uboho una asilimia ngapi ya seli changa. Akaongeza kwamba walioishia kwenye kisu au mionzi peke yake, wengi wao damu yao ilikuja kushika lukemia, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja. Uboho kuonekana safi maana yake ni kwamba pale sindano ilipoingia hatukukuta kitu.

Hilo, Mhariri, ndilo ningependa wasomaji wako walishike zaidi ya yote niliyoandika: anayeambiwa ana sarkoma ya mieloidi hutibiwa lukemia, hata kama donge ni moja na limetolewa. Kwa aliye na nguvu za kuhimili, tiba ya kuanzia ni sitarabini inayotiririka kwenye mshipa kwa siku 7, pamoja na dawa ya ukoo wa doksorubisini, kama daunorubisini au idarubisini, kwa siku 3 za mwanzo. Wafanyakazi wa wodini huiita saba na tatu. Baada ya hapo huja mizunguko ya kuimarisha, sitarabini kwa kiwango cha juu, au upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu au mtu mwingine anayelingana naye. Kwa wazee na wenye moyo dhaifu kuna njia ya azasitidini pamoja na venetoklaksi, na imeshaanza kutumika kwa madonge haya pia. Na ikiwa seli ni za aina ya promielosaiti, hatua moja ya uchanga wa chembe za mieloidi, tiba ni nyingine kabisa, asidi ya retinoiki na aseniki, ndiyo maana hakuna anayetakiwa kukimbilia dripu kabla ya kujua ni aina ipi, labda kama hali ni ya dharura.

Dharura zipo. Donge likikaa kando ya uti wa mgongo, mtu anaweza kuanza kuhisi ganzi miguuni, akashindwa kusimama, akashindwa kuzuia mkojo, na huo si wakati wa kusubiri nafasi ya kliniki. Hapo upasuaji wa kufungua nafasi au mionzi huweza kutangulia, ilimradi kipande kiokolewe kuja maabara. Mionzi ina kazi nyingine pia: donge lisiloisha baada ya dawa, au linalouma, hupigwa mionzi ya kiasi cha Grei 20 mpaka 24 hivi (Grei ni kipimo cha mionzi), ambacho ni kidogo ukilinganisha na saratani nyingi za viungo, kwa sababu seli hizi huchomeka kirahisi. Watoto wenye donge nyuma ya jicho mara nyingi hupona vizuri kwa dawa, bila kung'olewa jicho. Nalisema hili kwa sababu nimepokea jicho ndani ya chupa. Sitaendelea.

Upandikizaji nao usielezwe kama mwujiza. Taarifa iliyotolewa Ulaya mwaka 2008 ya wagonjwa 51 waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine kwa ajili ya ugonjwa huu ilionyesha asilimia 47 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa ugonjwa huu nayaita matokeo mazuri. Kinachonikera ni jinsi wanaorudiwa na ugonjwa wanavyocheleweshwa. Kinga mpya iliyopandikizwa huulinda uboho vizuri kuliko inavyozilinda sehemu za pembeni, kwa hiyo ugonjwa ukirudi unaweza kurudi kama donge huku damu na uboho viko safi. Mgonjwa anahudhuria kliniki, anatolewa damu, anaambiwa mambo mazuri, anarudi nyumbani na kinundu chini ya ngozi ambacho hakuna aliyekishika. Aliyewahi kuwa na donge anahitaji kushikwa kwa mikono, avue shati, na picha za mwili zirudiwe kwa ratiba ya daktari wake. Kinundu kipya kikatwe kinyama, kisikisiwe.

Kijana wetu alipata saba na tatu, akapandikizwa uboho wa dada yake. Vipande vyake vya uboho vya uchunguzi vimepita mezani kwangu tangu hapo, na bado vinapita, vikiwa safi. Namba yake naikumbuka kuliko ya simu yangu.

Sitaki mtu asome barua hii ashike mtoki wake shingoni aanze kulia. Mitoki mingi ni ya maambukizi ya kawaida, huja na huondoka. Ile isiyoondoka, mingi ni kifua kikuu cha mitoki, au limfoma ya kweli, na magonjwa hayo yana tiba. Mimi nazungumza na yule ambaye tayari amekatwa kinyama, amepewa jina la ugonjwa, na mambo hayaendi kama alivyoahidiwa. Uvimbe umerudi haraka. Ripoti ina maneno kama huenda na inawezekana. Kingamwili zilizotajwa kwenye ripoti ni mbili tu au hakuna kabisa. Mtu huyo ana haki ya kuuliza kama mieloperoksidase iliangaliwa. Ikiwa iliangaliwa ikatoka kimya na mashaka bado yapo, aulize pia kuhusu lisozimu, CD68 na CD117, kwa sababu zipo sarkoma za mieloidi, hasa zenye sura ya monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambazo haziwashi mieloperoksidase.

Wala mara nyingi hana haja ya kukatwa tena. Bloku ya nta haitupwi baada ya ripoti, huhifadhiwa kwa miaka, na inaweza kukatwa upya maadamu nyama bado imo. Nenda dirisha la maabara ya patholojia ilikosomewa, na namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti yako, useme unaomba bloku pamoja na vioo na nakala ya ripoti kwa ajili ya ushauri wa pili. Utasaini kwenye kitabu. Usikubali kupewa vioo peke yake, maana kioo kilichokwisha kupakwa rangi ni vigumu kukiuliza swali jipya. Ukipewa bloku, ifunge kwenye karatasi laini ndani ya kiboksi kigumu, uandike namba juu yake, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, nta hulainika na kipande huharibika. Ikifika kule, mwambie anayeipokea kwamba baada ya kukata airudishe ilikotoka.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi sanifu, maabara ya patholojia